Mdomo wa Mpishi

Mwanamke yule alikuwa na mdomo. Hilo wageni wote watano walikubaliana siku ya kwanza, kabla hata jua halijaanza kuuma, nao walikuwa na siku nne za kutembea naye ndani ya korongo. Gari lilikuwa limewashusha na kuondoka zake. Simu hazikushika. Mbele yao palikuwa na kuta mbili za mwamba mwekundu, mchanga katikati, na sauti ya mpishi.

"Haya, jiwe hilo! Kubwa kama friji, limekaa mkono wa kushoto linangoja ugoko wangu. Na huku kulia shimo. Jamani, mnatoa hela mfukoni mje kuvunjika miguu? Na mti mkavu huo mbele, baba watoto, tawi linakuja usoni. Wewe mrefu litakupata, mimi mfupi litanipita."

"Hebu funga bakuli, mwanamke," alisema mwongozaji bila kugeuka. Akapita katikati ya jiwe na shimo, akainamisha kichwa chini ya tawi, akaendelea na safari yake.

"Nifunge nikushonee suruali? Nimekuja kupika, sikuja msibani."

Wakili, mtu mzima mwenye kitambi na buti mpya, akasimama akajifuta jasho. Alikuwa amekuja na mkewe kwa mapumziko. "Kampuni imetuuzia ukimya," alisema kwa sauti ya mahakamani. "Imeandikwa kwenye kipeperushi chao. Ukimya wa jangwa. Ninacho hapa." Na kweli alikuwa nacho. Mkewe akacheka. Vijana wawili wa benki wakacheka. Nesi mstaafu, aliyejilipia safari kwa kiinua mgongo chake, hakucheka kwa sababu viatu vilikuwa vimeshaanza kumla.

Sasa niseme mapema, maana sipendi kuwazungusha watu: mwongozaji alikuwa haoni. Si kwamba alikuwa gizani kabisa. Alibakiwa na kitundu kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na ndani ya kitundu chenyewe kulikuwa na ukungu. Chini haoni, pembeni haoni, na akiingia kivulini kutoka juani haoni chochote. Wenzake kazini walikuwa bado wanamwita Darubini, jina la enzi zile alipoweza kumwona mjusi kwenye mwamba wa ng'ambo. Mdomo wa mkewe ndio uliokuwa macho yake. Kila lalamiko lilikuwa jiwe, kila tusi alilomrudishia lilikuwa jibu kwamba amesikia.

Na safari hii haikuwa ya kuchezea. Ikiisha salama, kesho yake wangekwenda ofisini kusaini mkataba wa msimu mzima. Kampuni ikijua habari ya macho, unga umemwagika siku hiyohiyo. Kodi ya vyumba vyao viwili ilitoka humo korongoni, na binti yao aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu alisoma kwa hela ya humo humo. Mwongozaji alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakujua kazi nyingine duniani zaidi ya kutembea mbele ya watu.

*

Korongo lile halina maji. Kazi yote inasimama juu ya kitu kimoja: wiki moja kabla ya safari, mwongozaji anaingia na punda, anazika madumu ya maji mchangani penye kivuli, mahali pa kulala kila siku. Hakuna ramani. Kila mwongozaji ana mahali pake, na hagusi ya mwenzake hata kama anakufa kwa kiu. Safari hii mke ndiye aliyezika, mume ameshika kamba ya punda.

Jioni ya siku ya kwanza, jua likiwa bado juu ya ukingo, Darubini alihesabu hatua arobaini kutoka kwenye mwamba uliopasuka, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Dumu la kwanza likatokeza. Wageni wakapiga makofi. Akasimama akajifuta mchanga, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba kabla ya kula.

Baadaye kidogo, wageni wakiwa wamejinyoosha kwenye mahema, yeye na mkewe walikaa nyuma ya mwamba wakisugua masufuria kwa mchanga.

"Umeniita gunia," alisema mke.

"Lini?"

"Leo, mbele za watu. Gunia la maneno."

"Ulitaka nikuiteje? Unaniambia jiwe kushoto, nami nikujibu asante sana mke wangu mpenzi? Si watajua siku hiyohiyo?"

"Tukana. Nani kakukataza kutukana? Lakini usifurahie."

"Nani anafurahia?"

"Wewe. Zamani ulikuwa unanitukana halafu usiku unaniomba radhi. Siku hizi unanitukana kwa raha zako na unalala fofofo."

Ilikuwa kweli, na mume alijua. Kila jiwe alilomwonyesha lilimkumbusha kwamba bila yeye angejigonga, na kila mara alimchukia kidogo. Mke naye hakuwa malaika. Zilikuwapo siku alipochelewesha neno makusudi, nusu hatua tu, ili ajikwae kidogo na ajue. Walikuwa wameishi hivyo mwaka mzima, wanagombana kwa maigizo mchana na kwa kweli jioni, na mpaka uliotenganisha magomvi hayo ulikuwa umeshafutika.

"Tukirudi twende hospitali," alisema mke.

"Hospitali wataandika kwenye kadi. Kadi watataka kuiona ofisini. Halafu tutakula nini, maneno yako?"

"Hayo maneno yangu unayala kila siku. Leo umekula kutwa nzima."

Mume akamrushia kitambaa cha kufutia, hakikumpata kwa sababu alirusha pembeni. Mke akakiokota, akamwekea mkononi.

*

Siku ya pili vijana wa benki walimpa mpishi jina. Redio. Mmoja wao alimrekodi kwa simu tangu asubuhi, na wakati wa chakula cha mchana, wote wakiwa wamekaa chini ya kivuli chembamba, akafungulia sauti juu kabisa. Mpishi akajisikia mwenyewe: jiwe, shimo, mteremko, miiba, baba watoto angalia, miguu yangu jamani. Wageni walicheka mpaka machozi. Mke wa wakili akainuka akaigiza mwendo wake, kiuno kimepinda, mkono mmoja unaonyesha mawe.

"Hii nikiweka kwenye mlio wa simu, sitapokea simu ya mtu tena," alisema kijana.

Mwongozaji naye akacheka. Ilibidi acheke, nawaelewa mnaosema hivyo, lakini alicheka kupita kiasi cha ilivyobidi. Mpishi akaendelea kugawa mkate. Kipande cha wakili kikamponyoka, kikaanguka mchangani.

"Ona sasa," alisema wakili. "Mdomo unafanya kazi, mikono imelala."

"Nikupe changu, mzee."

"Sitaki cha kushikwashikwa."

Nesi ndiye aliyemwomba kile kilichoanguka, akakipangusa, akakila. Alikuwa anamtazama mwongozaji namna alivyokuwa anapapasa mchanga kutafuta kikombe kilichokuwa karibu na goti lake.

*

Asubuhi ya siku ya tatu wakili alikuwa ameamka na msimamo. Hata chai alikuwa hajaimaliza.

"Mwongozaji, leo nataka utaratibu. Redio ikae nyuma kabisa, iende na bibi mwenye malengelenge. Mimi nitakuwa mbele na wewe. Tumelipa, hatukuokotwa."

"Nani atakaa nyuma?" alidakia mpishi. "Mimi natembea mbele kila safari."

"Ndiyo maana kila safari watu wanateseka."

Wote wakamgeukia mwongozaji. Mkewe alimkazia macho, ingawa alijua hamwoni, akangoja aseme lolote. Aseme mpishi lazima awe mbele, aseme ni sheria ya kampuni, aseme uongo wowote. Uongo si ndio walioishi nao? Lakini Darubini alikuwa amechoka kuongozwa kama mbuzi. Sehemu ya asubuhi ile aliijua kwa miguu. Miaka ishirini na miwili ya kuongoza watu humu, jamani, atashindwa nini?

"Nenda nyuma," alisema. "Tupumzishe masikio."

Mpishi akaenda nyuma. Alijikaza kisabuni, akafunga begi, sufuria kubwa ikawa inagonga mgongo, akaanza kutembea na nesi aliyekuwa anachechemea. Kona ya kwanza aliwaona wenzake mbele. Kona ya pili akasikia sauti ya wakili tu. Kona ya tatu hakusikia kitu. Akaanza kupiga kelele huko huko nyuma: mawe haya! Shimo hili!

"Mama, acha kujichosha," alisema nesi. "Hakusikii."

"Nani?"

"Mumeo. Nimefanya kazi wodi ya macho miaka tisa. Anageuza kichwa kizima kama kuku anayetafuta punje. Kikombe kiko gotini, yeye anakitafuta kwa vidole. Tangu lini?"

Mpishi alitaka kucheka, kicheko hakikuja. "Mwaka na miezi miwili."

Alitegemea huruma. Hakuipata. Nesi alisimama katikati ya mchanga, uso umemwiva kwa hasira. "Mmenileta mimi, na miaka yangu sitini na mitatu, huku shimoni, nyuma ya kipofu? Mna akili nyinyi?"

"Si kipofu."

"Ni nani? Nipe jina lake basi."

"Mimi ndiye ninayeona! Mlikuwa nyuma yangu, si nyuma yake. Siku mbili hizi kuna mtu kakwaruzika? Sema! Kuna hata mmoja kakwaruzika?"

"Na sasa hivi," alisema nesi, "yuko mbele na nani?"

Mpishi akamshika mkono, wakaanza kwenda haraka, yule bibi akilia na miguu yake na kutukana kila hatua.

*

Huko mbele mambo yalikuwa yamekwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililoharibu. Darubini alitembea kwa kumbukumbu, hakujikwaa hata mara moja, akajisikia kijana. Wakafika njia panda, mahali korongo linapogawanyika milango miwili. Hapo pana mti mkavu, na wageni walipumzika kidogo wakanywa maji.

Mlango wa kulia ndio wenye njia na maji yaliyozikwa. Mlango wa kushoto hauendi popote. Baada ya kona tatu mchanga unakatika ghafla, na chini kuna genge refu kuliko nyumba mbili zilizobebana. Mwenye macho anauchagua mlango kwa kutazama. Yeye alikuwa akiuchagua kwa shavu, kwa sababu mlango wa kulia hutoa kiubaridi kinachogusa shavu la kulia. Hilo lilimtosha mwaka mzima, maana upande wake wa kulia hakuna aliyetembea. Leo alitembea wakili, mwili mzima wa wakili, akisimulia kesi aliyoshinda, akauziba upepo kama ukuta. Kiubaridi chepesi kikaja kutoka kushoto. Darubini akangoja kidogo kama mkewe atasema kitu, kwa mazoea tu. Kisha akaingia kushoto, akanyoosha mgongo.

Mpishi alipofika njia panda, akaona nyayo zimeingia kushoto. Hakupiga kelele, pumzi ilikuwa imekwisha. Akauacha mkono wa nesi, akakimbia, jiko la gesi linampiga ubavuni, sufuria inalia mgongoni. Akapita kona ya kwanza, ya pili. Akawaona wamekaribia kabisa kona ya tatu, mumewe akiwa wa kwanza, wakili amebaki nyuma hatua kumi akifunga kamba ya buti.

"Simama! Baba watoto, simama hapo ulipo! Sufuria!"

Wote wakageuka. "Sufuria imefanya nini?" aliuliza mke wa wakili.

"Sufuria kubwa nimeisahau. Nimeiacha njia panda." Akavuta pumzi. "Nimeiacha mlango wa kulia, baba watoto. Wa kulia. Sisi tumeingia wa kushoto."

Mwongozaji alikuwa na mguu mmoja mbele. Akaurudisha taratibu, akauweka sambamba na mwenzake. Jasho jipya likamtoka, na shati likamshika mgongoni.

"Nenda kaichukue," alisema wakili. "Tunakusubiri hapa."

"Korongoni hatugawanyiki," alisema mwongozaji. "Ni sheria. Tunarudi wote."

"Kwa ajili ya sufuria? Wewe mzima wewe? Tuendelee, tutakula biskuti!"

Hapo mpishi akaketi chini. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mama wa mtu, akakaa mchangani akanyoosha miguu. "Siendi. Sufuria ni yangu, nimeinunua kwa hela yangu. Bila sufuria sitoki hapa, mniue mkitaka."

Walimsema, jamani. Wakili alimwita mwehu. Mkewe akasema kwao msichana wa kazi angefukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Kijana wa benki akatoa simu, akapiga picha ya video na kumwomba atazame kamera. Nesi akawa amefika, anahema, akaona kile ambacho wenzake hawajakiona: kitako cha sufuria, cheusi kwa masizi, kimetokeza kwenye begi la mpishi. Hasira yake ilikuwa haijashuka hata kidogo. Lakini alisogea, akasimama mbele ya lile begi, akatandaza koti lake kama mtu anayelikung'uta mchanga.

"Mzee, huyu umemwoa au umerogwa?" aliuliza wakili.

"Nimeoa mzigo," alisema Darubini. Alisema kwa sauti inayotetemeka, na wote wakadhani ni hasira. "Haya, geuka. Turudi tuyamalize."

Njia panda mpishi alijificha nyuma ya mti mkavu, akaitoa sufuria begini, akarudi ameiinua juu. Wakampigia makofi ya kejeli. Mwongozaji akatangaza kwamba maadamu wamerudi watapita mlango wa kulia, una kivuli zaidi. Mkewe akatangulia bila kumwomba mtu ruhusa, akilalamikia kila jiwe, na safari hii hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkatisha. Walikuwa wamepoteza saa mbili. Chupa zilikauka, mke wa wakili akatapika kwa jua, na walipofukua madumu ilikuwa saa kumi alasiri. Wakili alikunywa, akatoa fomu ya maoni ya kampuni na kalamu, akaanza kuandika kabla hajavua buti.

*

Mpishi alikuwa anamwosha nesi miguu kwa maji ya kikombe kimoja.

"Ni presha ya macho," alisema nesi. "Aliyoyapoteza hayarudi. Kuna dawa ya kudondoshea, inalinda kidogo kilichobaki. Kila siku mnayoficha kinameguka."

"Tutakwenda. Tukishasaini."

"Na siku wewe umelala na homa?"

"Mimi siugui."

"Usinichekeshe. Mimi sitasema kitu. Ni kweli sikukwaruzika, na ulikimbia kama mwendawazimu, nimekuona. Lakini usidhani nimewasamehe. Kwa hilo genge ulilonitajia, leo mlibakiza kona moja tu muue mtu."

Mume alikuwa karibu akisikiliza, amejifanya kukunja kamba. Nesi alipoingia hemani, akasema, "Sikupotea. Wakili aliniziba upepo."

"Najua."

"Nilikuwa karibu kugundua."

"Ulikuwa karibu kufa, mwanaume. Hatua tano."

Akangoja. Alitaka neno moja tu, hata nusu neno. Mumewe akaendelea kukunja kamba mpaka ikaisha, kisha akaikunjua akaanza upya.

*

Ofisini waliingia kesho yake ya kurudi, saa sita mchana. Meneja, kijana wa miaka thelathini, alikuwa amefunga mapazia kwa sababu ya joto. Mke alimkalisha mumewe kwa kumgusa kiwiko, kama mke yeyote anavyoweza kumgusa mumewe, naye akakaa kiti cha pembeni yake.

"Mzee, hongera," alisema meneja, fomu mkononi. "Huyu wakili ni mkali, lakini wewe amekupa alama zote. Utulivu, uvumilivu, anaijua njia kama kiganja cha mkono. Sijaona fomu kama hii." Akageuza ukurasa. "Tatizo ni mama."

"Mama gani?" aliuliza mke.

"Usinielewe vibaya. Ukurasa mzima ameandika. Kelele toka asubuhi hadi jioni, safari imerudishwa nyuma saa mbili kwa ajili ya sufuria, mgonjwa mmoja wa jua. Na video imeshaletwa kwa bosi mkubwa. Wamecheka, lakini baada ya kucheka wameamua. Msimu huu mzee atapewa mpishi mwingine, kijana amesomea mapishi, hata kuongea haongei. Na mshahara, mzee, tumekuongezea nusu yake. Kundi la kwanza ni Jumatatu ijayo. Wanafunzi kumi na wanne wa sekondari na mwalimu wao."

Mke akamgeukia mumewe. Alikuwa na hakika. Pamoja na yote, gunia, mzigo, kicheko cha mchana ule, alikuwa na hakika kwamba sasa atasema hapana. Atasema bila huyu siendi. Si lazima aseme kwa nini.

Darubini alikohoa. "Wanafunzi wana adabu," alisema. "Sawa. Nitawachukua."

Alikuwa anafikiria nini? Alikuwa anafikiria binti na ada, hilo ni kweli. Alikuwa anafikiria ile asubuhi ya siku ya tatu alipotembea mwenyewe bila kujikwaa, akajisikia mwanaume. Genge hakulifikiria. Genge hakuwa ameliona.

"Basi saini hapa," alisema meneja, akasukuma karatasi.

Kalamu ikashuka. Mwongozaji akaandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri, juu ya mbao ya meza, kando ya karatasi kwa upana wa kiganja. Meneja akacheka. "Mzee, uchovu huo! Meza hatuiajiri." Akaisogeza karatasi chini ya mkono wake. "Hapo sasa."

Mwongozaji naye akacheka, akasaini tena. Ilikuwa imekwisha. Meneja hakuwa ameona kitu, na hakutaka kuona. Alikuwa na wanafunzi kumi na wanne na hakuwa na mwongozaji mwingine.

Mke aliinuka. Hakuvuta kiti, hakukohoa. Alivua ndala akazishika mkononi, akaenda mpaka mlangoni, akaegemea ukuta. Meneja alimtazama akifikiri amenuna.

"Usikasirike na wewe," alisema Darubini, amekigeukia kiti kilichokuwa kitupu. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya mpole kwa mara ya kwanza wiki ile. "Utapumzika nyumbani. Umenisaidia vya kutosha. Sivyo, mama watoto?" Akanyoosha mkono amshike bega. Mkono ukapita hewani, ukashuka, ukagusa kiti, ukakipapasa kiti chote mpaka kwenye egemeo.

Meneja alitazama kiti, akamtazama mke mlangoni, akautazama ule mkono uliokuwa bado unatafuta. Kicheko kilimkauka. Akaivuta karatasi ya mkataba pole pole, akaigeuza kifudifudi.

"Mbona hamjibu?" aliuliza mwongozaji.

"Niko huku," alisema mkewe. "Nimesimama mlangoni tangu uliposaini."

Mumewe alikaa vile vile, mkono juu ya kiti. Halafu akasema, taratibu, "Umenivua nguo."

"Ndiyo."

"Mbele ya mtoto wa juzi."

"Wapo watoto kumi na wanne, baba. Nisingeweza kuwaacha wakufuate gengeni. Na wewe nawe, nisingeweza." Alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta. "Nitukane. Nitukane mpaka uchoke, safari hii kwa kweli. Halafu twende hospitali kabla hawajafunga."

Hakumtukana. Aliinuka mwenyewe, akaukosa ukuta, akaupata, akaufuata kwa kiganja mbele ya meneja aliyekuwa amesimama. Mkewe akamnyooshea mkono. Akaupita. Alipofika mlangoni mwanga wa nje ukampiga usoni, akasimama pale kizingitini na kidevu kimeinuka, mwongozaji wa miaka ishirini na miwili.

"Ngazi ziko ngapi?" aliuliza, kwa sauti, kila mtu asikie.

"Tatu," alisema mkewe.

Akazishuka moja moja, bila kumshika.